Mvua Aliyoiahidi Veridiana

Veridiana aliitafuta ardhi Buffalo akaikosa, akaitafuta Columbus akaionja ndani ya ndoo, na mwisho akaipata Louisville, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja mjane ambaye hakupenda wageni na, kusema haki, hakuwapenda sana wenyeji pia.

Buffalo, huko Amerika, ndiko ndege ilikowashusha yeye, mwanawe Olivier na wajukuu, wakitoka kambi ya Mtabila kule Kasulu, ambako Warundi wenzake walimjua kwa jembe lake kuliko kwa jina lake. Dada yake Goreth alikuwa ametangulia. Aliwapokea kwa makoti mazito, akamvuta Veridiana dirishani na kumwonyesha kiwanja kilichokuwa kando ya nyumba, cheupe pe kwa theluji.

"Pale pana udongo mzuri," alisema Goreth. "Ila mpaka mwezi wa tano itabidi uniamini tu."

Veridiana hakuwa mtu wa kuamini udongo asioushika. Olivier alipopata kazi ya ghala huko Columbus, karibu na uwanja wa ndege, mama alikuwa wa kwanza kufunga mizigo. Walipanga Gahanna, pembeni mwa Columbus, ghorofa ya juu. Asubuhi alipanda basi kwenda Clintonville kumwogesha na kumpikia bibi kizee mmoja, na jioni alirudi kwenye kibaraza chake alikopanda lengalenga, yaani mchicha, ndani ya ndoo tupu za rangi. Zilistawi vizuri mno, hadi maji yake yakawa yanamchuruzikia jirani wa chini, na meneja wa jengo akataka ndoo ziondoke.

Louisville alikwenda kwa ajili ya arusi tu, na begi moja. Jumapili, baada ya ibada, akinamama wa huko walimtembeza mitaa ya kusini, karibu na Iroquois, wakamwonyesha viwanja ambako Warundi na Wakongo walikuwa wanalima maharage hadharani bila kufukuzwa na mtu. Alisimama akaangalia. Begi la pili Olivier alilileta mwenyewe baadaye, amenuna njia nzima.

Shamba lenyewe lilipatikana kwa Ruberwa. Huyu alikuwa Mkongo wa milima ya Minembwe, mtu wa ng'ombe, aliyefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani. Alikuwa amemuuguza mke wa Mzee Delbert hadi siku ya mwisho, na baada ya mazishi mzee, ambaye hakujua kushukuru kwa maneno, alimwonyesha kipande cha mteremko nyuma ya nyumba, chini ya kilima chenye msitu, akasema kama anataka kulima na alime. Ruberwa alikuwa hajawahi kushika jembe kwa hiari. Akamwendea Veridiana.

"Mama Olivier, niko na udongo, sina akili yake."

"Na mimi nina akili, sina udongo," alisema Veridiana. "Twende."

Masharti ya mzee yalikuwa machache. Shamba lisafishwe kabla ya baridi kali, kwa sababu hakutaka kutazama mabua yaliyokufa kutoka dirishani kwake mpaka majira ya kuchipua. Anayeshindwa aondoke. Olivier naye, aliposikia habari hizo kwa simu, aliweka sharti lake.

"Mama, shamba la kuazimwa si shamba. Mzee huyo akikuondoa, unarudi Gahanna kukaa na wajukuu. Tumekubaliana?"

"Akiniondoa nitarudi," alisema Veridiana. Aliwapenda wajukuu. Ila alijua maisha ya Gahanna yalivyo: zulia, televisheni, na watoto wanaomjibu kwa Kiingereza kutoka chumba kingine. Shamba likiondoka, ndiko atakakozeekea, ameketi.

Mwaka huo wa 2016 mahindi yalitoka, maharage yakatoka, maboga yakatambaa hadi kwenye uzio wa mzee. Kisha, Septemba ilipoingia, mvua ilikatika kama mtu aliyekata simu katikati ya sentensi.

Watu wa Louisville walifurahi kwanza. Jua la kuchezea mpira, walisema. Oktoba ikaja na joto la Julai. Majani ya miti yalianguka kabla ya kugeuka rangi, yakawa yanapasuka chini ya viatu kama maganda ya karanga. Veridiana alikuwa amepanda sukuma ya majira ya kupukutika, miche mizuri ya kijani kilichokolea. Sasa ilikuwa imelala chali, naye akawa anaibebea maji kwa madumu kutoka bomba la mzee, kabla ya zamu yake ya kufungasha kwenye ghala alikopata kazi huko Louisville. Kwenye televisheni walionyesha moto unaotembea kwenye milima ya mashariki ya Kentucky. Tangazo likatoka la kukataza kuwasha moto nje. Ruberwa alimweleza shambani.

"Hata kidogo?"

"Hata ya kuchoma mahindi, Mama Olivier. Mpaka mvua inyeshe."

Veridiana aliutazama mlundo wa mabua, magugu na mashina ya maboga walioukusanya katikati ya shamba. Ulikuwa mrefu kuliko Ruberwa. Kule Mtabila, na kwa wazazi wake Burundi kabla yake, mlundo kama huo ulikuwa na njia moja: unauacha ukauke, unaingoja mvua ya kwanza, na siku moja kabla haijafika unauchoma, ili majivu yakiwa bado moto yapigwe na maji yazame ardhini badala ya kupeperushwa. Ukichoma mapema, upepo unakula majivu yako. Ukichelewa, mlundo unalowa. Kazi nzima iko katika kuijua ile siku moja.

Na Veridiana ndiye aliyekuwa anaijua. Hakuwa mganga. Alikuwa na macho tu, na subira ya kutazama. Wanawake wa kambini walikuwa wakimpitia alfajiri kumuuliza, Mama Veri, leo? Naye alitazama ukungu juu ya vilima, akanusa upepo, lakini hasa alingoja kumbikumbi. Wale hawakosei. Wanapotoka ardhini kwa maelfu na mbawa zao mpya, mvua iko njiani, na watu wanatoa mabeseni ili wawakamate wakaange.

Akawa anaingoja mvua ya Kentucky kwa namna hiyohiyo. Kila alipompigia Goreth simu, dada yake alimcheka.

"Unaangalia vilima? Dada, angalia simu. Kuna picha ya wingu humo."

"Simu haijui kunusa."

"Na wewe hujui Amerika. Huku hata mvua ina miadi."

Alasiri moja, katikati ya mwezi, joto lilizidi na upepo ukatulia kabisa. Veridiana alikuwa amepiga magoti kwenye sukuma aliposikia Ruberwa anamwita kutoka upande wa msitu. Kando ya jiwe kubwa ardhi ilikuwa inachemka. Wadudu wadogo wenye mbawa walikuwa wanatoka kwenye nyufa, wanapanda majani, wanajirusha hewani, wengi kiasi kwamba jua liliwafanya kama vumbi la dhahabu.

Tangu aondoke Kasulu hakuwa ameona kitu kama hicho. Alicheka peke yake kama msichana.

"Kumbikumbi," alisema.

"Ni wadogo sana," alisema Ruberwa.

"Wa Amerika hao. Wamezaliwa wakati wa njaa."

"Bon, onja basi."

Veridiana alimkamata mmoja akamsugua kati ya vidole. Akamnusa. Alinuka ndimu, ndimu kabisa, kama mtu aliyekata tunda. Kumbikumbi hanuki ndimu. Kumbikumbi ananuka ardhi na mafuta. Alijua hivyo, kama anavyolijua jina la mama yake. Vidole vyake vilijua. Lakini sukuma ilikuwa imelala chali, na mabega yalikuwa yamechoka madumu, na hewa yote ile ya mabawa ilikuwa inamwambia kile alichotaka kuambiwa. Alijipangusa kidole kwenye kitenge.

"Kesho itanyesha," alisema.

Ruberwa alitazama mbingu isiyokuwa na hata uzi wa wingu. "Mama Olivier, una hakika?"

"Wewe mtu wa ng'ombe, mimi nakufundisha kukamua?"

"Hapana."

"Haya."

"Donc, minachoma ao tungoje? Ile amri walisema mpaka mvua inyeshe."

"Si itanyesha kesho? Choma."

Ruberwa aliwasha. Kwao Minembwe walichoma malisho kila kiangazi ili nyasi mpya ziote, na mkono wake haukuwa na woga wa kiberiti. Mlundo ulishika haraka, ukanguruma, ukatoa moshi ulionyooka juu kama nguzo. Kwa muda ilikuwa kazi nzuri. Veridiana alizunguka na jembe akirudisha vijiti ndani. Kisha upepo, ambao ulikuwa umelala siku nzima, uliamka kutoka kusini.

Moto wa nyasi kavu hauonekani vizuri jua likiwaka. Unaona hewa inatetemeka, kisha nyasi zinakuwa nyeusi mbele ya macho yako. Ulishuka kutoka kwenye mlundo, ukapita kati ya mashina ya maboga, ukaufikia uzio wa mzee ukaanza kuupanda. Nyuma ya uzio kulikuwa na nyasi ndefu, na baada ya nyasi, kilima na miti yake yote.

Ruberwa alikimbia, akavunja tawi la kijani akaanza kuupiga moto, kama ambavyo mtu yeyote angefanya kule kwao. Lakini ulikuwa mwerezi, na mwerezi wa huko umejaa mafuta. Tawi lilishika moto mkononi mwake.

"Litupe," Veridiana alimwambia Ruberwa. "Baba Précieux, litupe, leta maji."

Alifungua kitenge chake cha juu, akakizamisha kwenye dumu, akamrushia. Yeye mwenyewe alikwenda mbele ya moto, ng'ambo ya uzio, akaanza kulima. Hakulima kama mtu anayepanda. Alikwangua, akavuta nyasi na mizizi na kuzitupa nyuma yake, akafungua njia ya udongo mtupu, nyembamba, kati ya moto na msitu. Alikuwa mwanamke wa umri wa makamo mwenye magoti mabovu, na baadaye hakuweza kueleza alivyofika upande wa pili. Moto ulifika kwenye udongo ukasimama, ukapapasa huku na huko. Ulipokuwa unatafuta mahali pa kuvuka, gari la zimamoto liliingia uani, limeitwa na mzee.

Hakuna aliyeumia, mbali na kiganja cha Ruberwa. Msitu ulibaki. Uzio wa mzee ulikuwa mistari ya makaa kwa upande mzima, na ukanda wa malisho yake ulikuwa mweusi. Wazimamoto waliongea na mzee, wakaongea na Ruberwa, wakaacha onyo, wakaondoka. Mzee Delbert alisimama kwenye ngazi zake akiwatazama wakulima wake. Aliingia ndani, akafunga mlango.

Kesho yake jua lilitoka kama kawaida. Na kesho yake tena.

Olivier alipata habari kabla mama hajajipanga kumwambia. Kanisa lina midomo mingi kati ya Louisville na Columbus. "Jumamosi nakuja na gari," alisema, na hakuwa na hasira, jambo lililomuumiza zaidi. "Weka vitu vyako tayari, Mama."

"Mzee hajaniondoa bado."

"Mama. Umechoma uzio wake."

Akaanza kukunja nguo. Wiki hiyo moshi wa milima ya mashariki ulifika mjini, ukalala juu ya mitaa ya kusini, watu wakawa wanakohoa kwenye vituo vya basi, na kila pumzi ilimkumbusha lile neno lake moja: choma. Hakuwa amewasha yeye. Lakini aliyeulizwa kuhusu mvua alikuwa yeye, si Ruberwa. Ijumaa aliacha nguo katikati ya kitanda, akampigia Ruberwa.

"Nipeleke kwa mzee."

"Kufanya nini? Atatufukuza."

"Basi afukuze nikiwa namtazama. Utanitafsiria."

Mzee Delbert alikuwa kwenye kibaraza, ameketi, na fimbo imelazwa mapajani. Hakuwakaribisha. Veridiana alisimama chini ya ngazi.

"Mwambie, huyu hakukosea. Mimi ndiye niliyesema itanyesha. Niliona wadudu. Kwetu wadudu wale ni mvua."

Ruberwa alitafsiri. Mzee alianza kuongea, akaongea, akanyoosha fimbo kwenye uzio, kwenye kilima, mbinguni, akarudi kwenye uzio.

"Anasema iko na hasira," alisema Ruberwa.

"Mzee ameongea mpaka amekauka mate, wewe unaniletea hilo tu?"

"Bon, ingine ni matusi. Siwezi kukuambia, uko mama wa korali ya kanisa."

Mzee aliuliza jambo. Ruberwa akageuka. "Anauliza wadudu gani."

Veridiana alionyesha kwa vidole: wadogo, mbawa, wanatoka ardhini. Kisha akasugua vidole, akavipeleka puani. Alitafuta neno kwenye Kiingereza chake kidogo, akalipata mwenyewe. "Lemoni," alisema.

Uso wa mzee ulibadilika. Haukutabasamu, ila ulilegea. Wale sisimizi wa ndimu, alisema, hutoka kila mwaka siku ya joto, mvua iwepo isiwepo. Mke wake alikuwa akiwafagia. Kisha akainuka kwa fimbo, akashuka ngazi moja moja, akawapita bila kuwaita, nao wakamfuata mpaka nyuma ya banda, kwenye kipande kirefu chembamba ambako nyasi ziliota nene kuliko kwingine.

Hapo, alieleza, na safari hii Ruberwa alitafsiri kila neno, hapo baba yake alikuwa anapanda miche ya tumbaku. Kabla ya kupanda alirundika kuni na matawi juu ya kitalu kizima akachoma, ili mbegu za magugu zife na majivu yalishe udongo. Delbert alikuwa mtoto, kazi yake ilikuwa kukaa na ndoo. Kila mtu katika kaunti alifanya hivyo.

"Kumbe nao walichoma," alisema Veridiana polepole. "Muulize, walingojaje mvua?"

Mzee alitikisa kichwa aliposikia swali. Hawakungoja mvua. Walichoma mwezi wa pili, theluji ikiwa bado imelala kando ya kitalu. Ardhi imelowa mpaka ndani, nyasi hazishiki. Hata mwendawazimu hachomi Oktoba.

Veridiana alipokea neno hilo bila kujitetea. Aliitazama ile nyasi nene. Miaka yote hiyo alikuwa ameiona theluji kama kitu kinachoficha udongo. Hakuwahi kuifikiria kama maji yaliyokuja na kuketi.

"Muulize kama ananiondoa."

Mzee alijibu akiwa ameshaanza kurudi kibarazani. Ruberwa akamsikiliza. "Anasema anataka uzio yake. Ya miti, hapana ya waya. Na mabua yenye ilibaki tufunike mpaka atuambie."

Jumamosi Olivier alifika na gari, kiti cha nyuma kimekunjwa ili mizigo ienee. Hakumkuta mama nyumbani. Alimkuta shambani, amefunga kilemba, anamshikia Ruberwa nguzo, kwa kuwa Ruberwa alikuwa na mkono mmoja uliofungwa bendeji.

"Mama, vitu viko wapi?"

"Viko kabatini. Shika nyundo."

"Nimeendesha kutoka Columbus."

"Ndiyo maana unafaa, hujachoka kama sisi. Piga hapa, taratibu, usinivunje kidole."

Olivier alimtazama Ruberwa, Ruberwa akatazama pembeni. Kutoka kibarazani mzee alipaza sauti kwamba nguzo imepinda. Ilikuwa imepinda kweli. Olivier alivua koti, akapiga. Jioni aliondoka na maboga nyuma ya gari, kwa ajili ya wajukuu, na hakuulizia tena mizigo.

Mvua ilinyesha Novemba ikiwa inakwisha, bila dalili yoyote ambayo Veridiana aliiona. Alikuwa kazini, akaisikia juu ya paa la ghala. Sukuma nyingi ilikuwa imekufa. Ile iliyobaki iliinuka, na baada ya jalidi ya kwanza, umande ulioganda usiku, ikawa tamu kuliko aliyowahi kula popote. Alimpelekea mzee fungu. Mzee alisema mkewe alikuwa akiipika na nyama ya nguruwe. Fungu lililofuata alimpelekea limepikwa hivyo.

Theluji iliyofaa ilikuja mwanzoni mwa mwezi wa pili. Mzee alipiga simu kituo cha zimamoto kuwaarifu, kisha akampigia Ruberwa. Waliufunua mlundo. Mzee aliketi kwenye kiti cha kukunja, na ndoo ya maji kati ya miguu yake, mahali alipokaa utotoni. Veridiana alikuwa na jembe mkononi, na simu mfukoni ikiwa wazi, kwa sababu Goreth kule Buffalo alikuwa amekataa kuamini.

"Mnachoma juu ya theluji?" ilisema sauti ya Goreth kutoka mfukoni. "Kweli mmechanganyikiwa. Huku imefika dirishani, njooni mchome na hii."

"Nyamaza, tunafanya kazi."

Ruberwa alichuchumaa kwenye mlundo, kiberiti kwenye kiganja chenye kovu. Akamtazama.

"Mama Olivier? Minachoma?"

Veridiana alinusa upepo, haukuwa na cha kumwambia. Aliinama akafukua theluji kwa ncha ya jembe, akashika udongo uliokuwa chini yake, akaukamua, maji yakatoka kati ya vidole. Kisha akamgeukia mzee. Mzee aliutazama mkono wake uliolowa, akaitikia kwa kichwa.

"Choma," alisema Veridiana.